Mahali pa Kushukia

Zilikuwa zimesalia sekunde kumi na moja, na Ngoma ya Gitega ilikuwa ikiongoza kwa pointi moja tu, wakati Arif, mchezaji namba tisa wa Nyuki wa Muyinga, alipoupora mpira katikati ya uwanja akaelekea kikapuni peke yake. Alipiga hatua mbili ndefu, akaruka. Watu wote waliouzunguka uwanja waliinua nyuso zao pamoja naye. Adventina, mwamuzi mkuu, aliyekuwa amesimama kwenye mstari ulio chini ya kikapu, akauinua wake vilevile.

Alipouinamisha, miili miwili ilikuwa imekwisha kugongana. Goti la Arif lilikuwa limempata kifuani mlinzi wa Gitega aitwaye Thomas, naye Thomas alikuwa akianguka chali. Mpira uliponyoka vidoleni mwa Arif kabla hajautupa. Kwa kuwa hakupata pa kuweka miguu, alipinduka hewani, akaangukia bega la kulia juu ya saruji. Mlio wa mfupa ulisikika hadi kwenye meza ya waandishi wa pointi.

Adventina alipuliza filimbi. Alipiga ngumi kwenye kiganja, ishara ya kwamba aliyekosa ni mshambuliaji. Kisha akamwona Thomas akihema huku ameshika kifua, akakumbuka lile goti, akainua ngumi zote mbili juu ya kichwa: namba tisa afukuzwe mchezoni.

Namba tisa alikuwa bado amelala chini, uso umemgeuka rangi.

"Umfukuze aende wapi, Madamu?" kocha wa Muyinga alipiga kelele kutoka kwenye benchi. "Hata kutambaa hawezi!"

Walimbeba wanne, wakampeleka kwenye gari. Gitega ikapewa mitupo ya adhabu, ikaongeza pointi, ikashinda.

Sheria ya jambo hili ni fupi, na kila mwamuzi huikariri kabla ya kukabidhiwa filimbi. Mchezaji aliyeruka anayo haki ya kushuka mahali palipokuwa wazi wakati alipoiacha ardhi. Mlinzi aliyekwisha kusimama hapo kabla ya mwenzake kuruka hana kosa. Mahali ni pake. Mlinzi aliyeingia baada ya mwenzake kuruka amekosa, hata kama amesimama wima kama nguzo wakati wa kugongana, kwa maana aliye hewani hawezi tena kugeuza njia wala kurudi alikotoka. Hivyo, swali ni moja tu, nalo ni hili: mlinzi alifika lini?

Adventina alikuwa amelijibu swali hilo kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya Mushasha, mjini Gitega, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na kuanzia Karuzi hadi Ngozi hapakuwa na kijana mcheza kikapu asiyemjua. Hakubishana na makocha. Hakupata kuubadilisha uamuzi baada ya kuinua mkono. Kwa ajili hiyo alikuwa amechaguliwa kuuongoza mchezo wa mwisho wa ligi ya kanda, majuma mawili baadaye, heshima aliyokuwa ameingojea tangu aliponunua filimbi yake ya kwanza.

Jioni ile, katika darasa lililogeuzwa kuwa chumba cha waamuzi, alikaa kwenye dawati la wanafunzi kuandika ripoti. Mchezaji akifukuzwa, mwamuzi mkuu sharti aeleze sababu kwa maandishi. Mwamuzi wa pili, Elias, kijana mzaliwa wa Gitega, alikuwa akifungua kamba za viatu polepole kuliko ilivyohitajika.

"Madamu," alisema hatimaye, "mi nilikuwa nyuma, karibu na katikati. Niliona yote. Thomas hakukuwa pale. Aliingia wakati ule kijana iko juu tayari."

"Ulipiga filimbi?"

"Non."

"Mwamuzi ambaye hakupiga filimbi hakuona kitu, Elias."

"Bon," alijibu Elias, akavua kiatu. "Ni sawa, Madamu."

Adventina akaandika: *Mlinzi alikuwa amekwisha kusimama kabla mshambuliaji hajaruka. Mshambuliaji alimpiga kwa goti.* Sentensi ya kwanza alikuwa ameiandika mara nyingi katika maisha yake, na mkono wake ulipita juu yake bila kusita. Aliijua pia adhabu iliyofuata sentensi ya pili. Kamati ya nidhamu ingekutana Alhamisi, na mchezaji anayempiga mwenzake kwa goti hufungiwa mwaka mzima. Jina lake husomwa mbele ya timu zote, ili kila mmoja ajue ni mtu wa namna gani.

Kesho yake, baada ya misa ya kwanza, watu walimzunguka nje ya kanisa la Mushasha wakiwa na simu mikononi. Mtu mmoja alikuwa ameurekodi mruko ule. Adventina alitazama. Picha ilimfuata Arif na mpira juu, juu zaidi, hadi kwenye ubao. Kisha ikashuka pamoja naye, na hapo Thomas akaonekana amesimama, mikono imekunjwa kifuani, miguu imetulia.

"Unaona? Amesimama kama sanamu!" alisema mzee mmoja. "Madamu hakosei."

Alipaswa kufurahi. Badala yake alijikuta akimwomba mwenye simu airudishe tena, na tena, na kila mara picha ilipopanda na mpira alihisi shingo yake mwenyewe ikipanda nayo. Hakuweza kuiona miguu ya Thomas kabla ya mgongano. Wala hakuweza kukumbuka kwamba aliwahi kuiona.

Siku hiyohiyo alipanda gari la kwenda Muyinga. Hakukusudia kuomba radhi. Alijiambia kwamba mtu aliyeumia mbele ya macho yako hutembelewa, na kwamba akitoka huko angefika Buhinyuza kumsalimu baba yake, Nazario. Njiani alinunua kilo mbili za sukari.

Baba yake Arif, Abdulrasul, alikuwa na duka katika mji wa Muyinga: vitenge, vipuri vya baiskeli, mabeseni, unga, sukari. Mlangoni alikuwa ameketi mama mzazi wa Abdulrasul, Bibi Monghibai, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani minene. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kilemba, kisha akakitazama kifurushi.

"Karibu, Madamu. Umeleta sukari kwenye duka la sukari?"

"Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, Bibi."

"Hiyo ni kweli. Na mikono yako tunaijua. Tuliiona jana, yote miwili, juu."

Adventina alimnyoshea kifurushi. Bibi Monghibai akaipokea sukari kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akamwita mjukuu wake wa kike, Rukhsar, ampeleke mgeni ndani.

Arif alikuwa amelala kwenye kochi, bega limefungwa, mkono umeshikizwa kifuani kwa bendeji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na alipojaribu kuinuka ili amwamkie, jasho lilimtoka puani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Lala. Daktari amesemaje?"

"Mfupa utaunga. Lakini mkono hautapita tena juu ya sikio, labda kidogo." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu asomaye matokeo ya mtihani wa mwingine. "Mwaka huu hakuna mpira."

"Mwihangane," alisema Adventina kwa Kirundi, neno la kuwapa pole wenye msiba. Kisha akauliza lile lililomleta, ijapokuwa hakuwa amekiri hata kwa nafsi yake kwamba ndilo lililomleta. "Kabla hujaruka, ulimwona Thomas?"

"Hapana, Mama. Palikuwa wazi. Ningemwona, ningepitia upande wa pili."

"Anayeruka hawezi kujua kila kilicho chini yake."

"Ni kweli. Lakini yeye alijua."

"Alijua nini?"

Arif alimtazama dada yake. Rukhsar akatazama dirishani.

"Alijua kwamba aliyesimama pale mstarini ni wewe," alisema Arif. "Usikasirike, Mama. Sisi tunaita kutandika mkeka. Mwenzako akisharuka, unamtandikia: unaingia chini yake haraka, unasimama, unakunja mikono, unangoja akuangukie. Kwa marefa wengine huwezi, watakupa faulo. Kwako inakubalika. Wewe unatazama juu, na ukishusha macho unamkuta mtu amesimama."

"Nani aliwafundisha hayo?"

"Hakuna aliyefundisha. Tumekuona. Gitega wanajua, Ngozi wanajua, sisi tunajua." Aligusa bendeji yake. "Mwaka jana mimi mwenyewe nilimtandikia kijana wa Ngozi, Urbano. Alivunjika meno mawili. Wewe ukampa faulo yeye. Nilifurahi siku nzima."

Adventina alimkumbuka Urbano. Alikuwa amempa kitambaa chake cha mfukoni apanguse damu, akamwambia mbele ya wenzake ajifunze kutazama kabla ya kuruka. Urbano alikuwa amejibu, "Ndiyo, Madamu, asante."

"Mwambie yote," ilisikika sauti ya Bibi Monghibai kutoka dukani. "Mwambie na jina wanalomwita."

"Bibi, jamani!"

"Sema. Mtu mzima hafichwi jina lake."

Arif alifumba macho. "Wanakuita Mama Mkeka."

Rukhsar alijiziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kumponyoka, kifupi, kama chafya. Aliona haya, akasema, "Samahani, shangazi," akaenda kuleta chai.

Adventina aliinywa chai yote. Alipokwisha kuiweka chini bilauri, alimwomba Rukhsar amwonyeshe mahali vijana wa Muyinga wanapochezea siku za Jumapili.

Ulikuwa uwanja wa saruji iliyopasuka nyuma ya shule, wenye vikapu viwili visivyo na nyavu. Vijana kumi walikuwa wakicheza bila mwamuzi, wakibishana kwa sauti kubwa. Adventina alisimama pembeni karibu na Rukhsar. Alijiamuru asiutazame mpira, na akaona kuwa jambo hilo ni gumu kama kujiamuru kutopepesa macho. Mpira ukipaa, kidevu chake kilipaa. Alilazimika kushika taya kwa mkono.

Aliyemfundisha mchezo huo alikuwa katekista mmoja katika kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, kwenye kiwanja cha udongo mwekundu uliokanyagwa hadi ukang'aa. Yeye aliwaambia watoto waliotaka kuwa waamuzi: mtazame mwenye mpira, kwa sababu mwenye mpira ndiye anayetafuta ugomvi. Kiwanja kile kilikuwa na mawe, na kila aliyeruka alijua kwamba pa kushukia ni juu yake mwenyewe. Adventina alikuwa amerudi Burundi akiwa na fundisho hilo, akaisoma sheria ya kitabuni, akaikariri, akafaulu mitihani yake yote. Lakini macho yake hayakuwahi kuhama kiwanja kile.

Kwa robo saa hakuona ubaya wowote. Vijana waliruka na kushuka. Walinzi walifika mapema au walijitenga. Kisha mmoja akamtambua.

"Eh! Si Madamu wa Gitega huyo?"

"Ndiye! Madamu, njoo utupigie, hawa ni wezi!"

Wakacheka, wakamletea filimbi ya plastiki. Akaipokea, akaenda kusimama kwenye mstari wake wa siku zote, chini ya kikapu. Safari hii alitazama miguu.

Hazikupita dakika tatu. Mmoja aliruka upande wa kushoto. Mara mlinzi aliyekuwa mbali hatua mbili akachota mbio, akaingia chini yake, akagandisha miguu, akakunja mikono. Walianguka wote wawili. Baada ya kitambo likatokea tena, upande wa pili. Kisha mara ya tatu. Kila mara mlinzi, akiwa bado amelala chali, aligeuza uso kwa Adventina kwanza, kabla ya kumtazama aliyeanguka karibu naye, akingoja ngumi ipige kiganja. Nyuso zao hazikuwa na ubaya wowote. Zilikuwa nyuso za wanafunzi waliojibu kama mwalimu atakavyo.

Mara hiyo ya tatu aliirudisha filimbi, akasema, "Chezeni wenyewe, wanangu." Hakufika Buhinyuza. Alilala kwa watawa mjini Muyinga, akarudi Gitega kwa gari la alfajiri ili awahi vipindi vyake.

Siku ya Jumatano alimpelekea mwenyekiti wa kamati, Mzee Leonardi, karatasi moja iliyokunjwa. Leonardi alikuwa mkaguzi mstaafu wa shule, na pia mushingantahe, mmoja wa wazee wenye heshima ambao watu huwapelekea ugomvi wao kabla ya kwenda mahakamani. Ndiye aliyelipendekeza jina la Adventina kwa mchezo wa mwisho. Aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Binti yangu, kuna mtu anayekutisha?"

"Hakuna, Mzee."

"Video tunayo. Video iko upande wako. Kwa nini ujitupe shimoni, na hakuna aliyekusukuma?"

"Kwa sababu niliandika kwamba niliona, nami sikuona."

Leonardi aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Nisikilize. Tutaigawa. Kijana tutampa miezi mitatu badala ya mwaka. Hata hivyo hawezi kucheza mwaka huu, bega lake limeharibika, kwa hiyo adhabu haitamgusa. Wewe utabaki na mchezo wako wa mwisho. Thomas hataulizwa lolote. Kila mtu atatoka na uso wake. Si ndivyo tulivyofanya kwa shamba la baba yako?"

Ndivyo walivyofanya. Nazario aliporudi kutoka Tanzania aliikuta familia nyingine juu ya ardhi yake kule Buhinyuza, imelima, imejenga, imezika wafu wake. Wazee waliligawa shamba nusu kwa nusu, Leonardi akiwamo, na hakuna panga lililoinuliwa.

"Mliligawa vizuri," alisema Adventina. "Baba alipata nusu, akashukuru, na yule jirani tukazikana naye. Lakini hakuna aliyeandika kwenye karatasi kwamba baba ndiye aliyemvamia mwenzake. Arif mnataka kumwandika hivyo. Kwa miezi mitatu au kwa mwaka, jina ni lilelile."

"Utaupoteza mchezo wa mwisho. Pengine na filimbi pia."

"Najua."

"Na matokeo ya mchezo hayatabadilika. Karatasi ya pointi ilikwisha kutiwa sahihi. Muyinga hawatapata kitu."

"Najua, Mzee. Nimewahi kuisoma sheria."

Leonardi alivaa tena miwani yake. "Kiburi hiki ulikipata wapi?" aliuliza, lakini aliuliza kwa upole, na hakungoja jibu.

Kamati ilikutana Alhamisi saa tisa, katika ukumbi wa parokia. Walikuwapo wajumbe watano nyuma ya meza. Abdulrasul na mwanawe, aliyekuja na mkono wake kifuani. Thomas na kocha wake. Na Elias, karibu na mlango. Video ilioneshwa ukutani. Thomas akaonekana tena amesimama, mikono kifuani. Mjumbe mmoja akasema, "Mimi sioni la kujadili."

Adventina alisimama.

"Video hii imetazama nilichokitazama mimi," alisema. "Imeufuata mpira. Aliyeirekodi alilipa tiketi ili autazame mpira, naye hana kosa. Mimi niliwekwa pale niitazame miguu. Katika ripoti yangu niliandika kwamba mlinzi alikuwa amekwisha kusimama kabla mshambuliaji hajaruka. Jambo hilo sikuliona. Niliandika nilichozoea kuandika. Kwa hiyo naomba ripoti ile ifutwe, na kijana huyu asihukumiwe kwa maneno yangu."

Nje mtu alikuwa akipigia kengele ya baiskeli mbuzi waliomzuia njia.

"Kama wewe hukuona," aliuliza Leonardi, "nani aliona?"

"Mwamuzi wa pili."

Elias aliinuka kama mtu aliyeitwa ubaoni bila kujiandaa. Alimtazama Adventina.

"Sema ulichoniambia," alisema Adventina.

"Mi niliona Thomas alikuwa mbali, hatua mbili, tatu. Arif akaruka. Thomas akaingia. Ni vile tu."

"Na kwa nini hukupiga filimbi?"

Elias alikodoa macho kwa mshangao wa kweli. "Mzee! Juu ya Madamu? Nani alishapigaga?"

Mjumbe mmoja alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine aliyecheka. Adventina alibaki amesimama, mikono imeshika ukingo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Katika mambo yote aliyoyasikia juma lile, hilo ndilo lililomshinda kulibeba kwa uso mkavu. Alikaa.

Uamuzi haukuchukua muda mrefu. Arif hana hatia, na jina lake lisomwe hivyo mbele ya timu zote. Matokeo yabaki yalivyo. Mwamuzi Adventina asimamishwe hadi mwisho wa msimu, kwa kuandika asichokiona. Mchezo wa mwisho uongozwe na Elias. Leonardi aliisoma sentensi hiyo ya mwisho bila kuinua macho kwenye karatasi.

Abdulrasul alimwendea Adventina mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyefunga duka siku nzima kwa ajili ya jambo hilo. "Nimesikia ulichosema," alimwambia. "Nimesikia," alirudia, akamshika mwanawe mkono ulio mzima, wakashuka ngazi. Arif aligeuka mara moja, akainamisha kichwa kwa heshima. Hakutabasamu. Adventina hakumtarajia atabasamu.

Thomas alikuwa amemngoja chini ya ngazi, kofia mkononi. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwenye akili ya hesabu, asiye na makuu.

"Madamu, umenikasirikia?"

"Hapana."

"Mi nilisimama vizuri. Miguu haikucheza. Vile unapendaga." Aliikunja kofia yake. "Mi sikutaka avunjike. Nilitaka tu ile faulo."

Adventina aliweka mkono begani mwake. Wakatembea pamoja hadi njia panda, na hapo kila mmoja akashika njia yake.

Siku ya mchezo wa mwisho alilipa tiketi kama watu wengine, akaketi kwenye ngazi za saruji miongoni mwa wake wa walimu na wanafunzi wenye vuvuzela. Watu waliomfahamu walimpisha, kisha wakaepuka kumtazama. Ngoma ya Gitega ilicheza na timu ya Rutana. Elias alikuwa amevaa shati la mwamuzi jipya, lenye mikunjo ya kiwandani bado.

Katika robo ya pili, mchezaji wa Rutana aliruka karibu na kikapu, na Thomas, kwa mazoea yaliyokuwa yamemwingia mwilini, akateleza chini yake, akakunja mikono. Walianguka. Filimbi ya Elias ililia kabla hawajagusa ardhi. Elias alikuja mbio, akainua mikono juu ya kichwa, akashika kifundo cha mkono mmoja kwa mwingine: kosa lisilo la kimichezo, la mlinzi.

Uwanja mzima ulisimama.

"Tangu lini?" kocha wa Gitega alipaaza sauti, akitupa chini ubao wake wa kuchorea. "Tangu lini hiyo ni faulo? Kijana amesimama!"

"Elias, umelewa?" mtu akapiga kelele. "Iko amesimama!"

Wachache waligeuka kumtazama Adventina, wakitaka kuona atafanya nini. Hakutikisa kichwa wala kuitikia. Aliziona nyayo za Elias zikihama kidogo pale mstarini, huku na huku, kama za mtu anayetaka kukimbia, kisha zikatulia. Elias alikwenda mezani, akaonesha namba ya Thomas kwa vidole, waziwazi, na mchezo ukaendelea katikati ya matusi.

Yakatokea tena katika robo ya tatu, kwa mlinzi wa Rutana, na Elias akapuliza vilevile. Safari hii waliomtukana walikuwa wa upande wa pili.

Ikabaki dakika nne mchezo kwisha. Mchezaji mwembamba wa Rutana alipata mpira pembeni, akapita mlinzi wa kwanza, akaruka. Kelele zikapanda naye, na nyuso zote kwenye ngazi zikapanda. Adventina alitazama chini. Alimwona Thomas, hatua mbili kutoka pale, akianza kukimbia. Akaona mguu wa kulia ukitua ndani ya nafasi iliyo wazi. Kisha akauona mguu huo ukisita, ukirudi nyuma, na mwili wote ukiufuata.

Mpira uligonga ukingo wa kikapu, ukatoka. Watu wa Gitega walishangilia kwamba umekosa, na mwanamke aliyeketi karibu naye akapiga vigelegele. Katika kelele zile, yule kijana mwembamba alishuka kwa miguu miwili, kwanza vidole, kisha visigino, akageuka, akakimbia kurudi kulinda.

"Umeona?" mwanamke yule alimuuliza Adventina, akimtikisa mkono kwa furaha. "Umeona alivyokosa?"

"Nimeona," alijibu Adventina.